Kemia Isiyo na Jirani

Huku kwetu Ikuti mvua ikishaanza haina haraka ya kukatika, na mzee aliyestaafu hana la kufanya ila kuota moto na kusoma chochote kinachomjia mkononi. Likizo iliyopita kilichonijia mkononi ni daftari la kemia la mjukuu wangu, anayesomea stashahada ya ualimu katika chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini. Daftari lilikuwa limelowa njiani, naye alilianika karibu na jiko. Nikaanza kuligeuza kurasa kwa kisingizio cha kulikausha. Ukweli ni kwamba mtu aliyefundisha kemia miaka mingi, na kisha akakiongoza chuo cha ualimu, hawezi kuliona daftari la mwanachuo akalipita.

Lilikuwa daftari zuri. Mwandiko umenyooka, milinganyo imesawazishwa, michoro ya vifaa imepigwa kwa rula. Nilijivunia. Lakini nilipofika mwisho wa mada ya metali nilikuta nusu ukurasa wenye kichwa kilichopigiwa mistari miwili: Masuala Mtambuka. Chini yake kulikuwa na orodha ya athari tano za uchafuzi wa mazingira, zimepangwa kwa namba ili zikaririke vizuri siku ya mtihani. Ya kwanza ilikuwa magonjwa. Ya pili, vifo vya viumbe hai. Ya tano haikuwa athari hata kidogo, ilisema tu kwamba jamii ielimishwe.

Nikamwuliza, "Mama, maji machafu ya maabara yenu yanakwenda wapi?"

Akacheka. "Babu nawe! Yanakwenda huko chini."

"Huko chini kwa nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama mzaa chema wa jirani yake. Hakuwa na jibu, wala sikumlaumu, kwa sababu swali lile mimi mwenyewe niliulizwa zamani nikiwa na madaraka, nami sikulijibu. Ndiyo sababu ninaandika maneno haya. Nataka kukosoa namna tunavyofundisha kemia katika vyuo vyetu vya ualimu, na kukosoa pia dawa tuliyoivumbua ya kuponya kasoro hiyo, maana kwa maoni yangu dawa nayo ni ugonjwa uleule uliovaa nguo mpya. Lakini haitakuwa haki kuanza na wengine kabla sijaanza na mimi.

Chuo nilichokiongoza sitakitaja jina. Kilijengwa juu ya mteremko, kama majengo mengi ya huku kwetu, na maabara ilikuwa upande wa chini. Kutoka kwenye sinki bomba lilipita ukutani, likamwaga maji katika mfereji wa udongo, na mfereji ukashuka hadi kwenye migomba ya mama mmoja mjane kabla ya kuingia katika kijito. Kila muhula tulifanya jaribio ambalo wanachuo walilipenda kuliko yote. Unachukua nitreti ya risasi iliyoyeyushwa, haina rangi, kama maji. Unaongeza iodidi ya potasiamu, nayo haina rangi. Mara moja inatokea manjano ya kupendeza, kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Darasa zima linashangilia. Kisha tunaandika mlinganyo, tunaosha vifaa, tunamwaga, tunaondoka.

Siku moja yule mama alikuja ofisini kwangu. Alivua kandambili mlangoni, ingawa sikumtaka afanye hivyo. "Ugonile, Mwalimu," alisema, nikamwitikia. Kisha akaeleza kwamba migomba yake iliyo karibu na mfereji wetu ilikuwa ikinyauka, na kwamba maji yaliyotoka kwetu yalikuwa na rangi, mara bluu, mara manjano. Ile bluu niliijua, ni mrututu. Wakulima wa kahawa wa huku wanaufahamu. Akauliza kwa upole mkubwa, "Mwalimu, mnafundisha nini humo ndani?"

Nikamjibu, "Ni maji ya masomo tu, mama. Hayana neno."

Aliinamisha kichwa, akanishukuru, akaenda zake. Mkuu wa chuo amesema, mjane atabisha vipi? Migomba ile ilikauka yote iliyokuwa kando ya mfereji. Yawezekana ilikuwa ni mnyauko, ugonjwa unaojulikana wa migomba. Yawezekana ilikuwa ni tindikali zetu. Mpaka leo siwezi kusema, na hapo ndipo aibu yangu ilipo. Nilikuwa na maabara nzima, nina mizani, nina bureti, nina wanachuo arobaini wanaotafuta jambo la kupima, na sikuchota hata chupa moja ya maji ya mfereji ule.

Fikiri, msomaji, hesabu ambayo tungeweza kuifanya ubaoni kwa dakika kumi. Tuseme kila mwanachuo anatumia sentimeta za ujazo 5 za nitreti ya risasi yenye moli 0.1 kwa lita. Humo mna gramu 0.1 hivi ya risasi. Wanachuo 40 hufanya gramu 4, kiasi kidogo ambacho ukikishika kiganjani hukisikii uzito. Lakini kikomo cha risasi katika maji ya kunywa kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 kwa lita. Kwa hiyo gramu 4 zikiyeyuka zote zinatosha kuyafikisha kwenye kikomo hicho maji lita 400,000, yaani madumu 20,000 ya lita 20. Nyumba inayochota madumu matano kwa siku ingehitaji miaka kama 11 kuyamaliza. Hapa mwanakemia mwaminifu atanyosha mkono na kusema kwamba sehemu kubwa ya risasi ile inaganda kuwa unga wa manjano, na kwamba udongo nao unaishika. Ni kweli. Lakini unga ule nao huyeyuka kidogo kidogo, na udongo ulioishika ndio ule mama aliokuwa akiupalilia kwa mikono mitupu. Mjadala huo wenyewe, wa kiasi gani kinaganda na kiasi gani kinasafiri, ni kemia nzuri kuliko ile tuliyokuwa tukiifundisha. Hatukuufanya, kwa sababu somo letu lilikomea kwenye sinki.

Hilo ndilo kosa la kwanza ninaloliita kemia isiyo na jirani. Tunamfundisha kijana kwamba katika mlinganyo hakuna kinachopotea: atomi zilizoingia upande wa kushoto wa mshale lazima zionekane upande wa kulia. Tunamnyima alama akisahau hata moja. Halafu sisi wenyewe, saa ya kuosha vifaa, tunatenda kana kwamba vitu hupotea. Tumemfundisha sheria ya uhifadhi wa maada kwa mdomo na kuikana kwa mikono. Naye mwanachuo, kama watoto wote, hufuata mikono.

Kosa la pili ni la ndani zaidi, na nililijifunza kwa njia ya aibu kubwa kuliko ya kwanza.

Katika miaka hiyohiyo nilikuwa na desturi ya kukagua usafi wakati wa gwaride la asubuhi. Kucha, kola, viatu, meno. Mwaka mmoja tulipokea binti kutoka vijiji vya chini ya Mlima Meru. Meno yake yalikuwa na madoa ya kahawia, mengine yamemomonyoka ncha. Nilisimama mbele yake, nikamwambia kwa sauti ya kusikika kwamba mwalimu mtarajiwa hawezi kusimama mbele ya watoto na meno ya namna ile, na kwamba kama hana dawa ya meno atumie hata mkaa. Baadhi ya wenzake walicheka. Yeye akasema taratibu, "Samahani Mkuu, ni maji ya kwetu. Kwetu wengi tuko hivi." Nikahamia kwa aliyefuata. Kwa miaka yote miwili aliyokaa pale, binti yule hakucheka bila kufunika mdomo kwa mkono.

Wakati huo nilikuwa nimefundisha kundi la halojeni mwaka hadi mwaka. Florini iko juu kabisa ya safu, ni kali kuliko zote, inanyakua elektroni kwa nguvu kuliko elementi yoyote. Niliyajua hayo kama ninavyojua jina langu. Lakini florini yangu ilikaa katika jedwali lililotundikwa ukutani. Haikuwahi kushuka ikaingia katika kisima, wala katika kinywa cha mtoto.

Maelezo yake si magumu. Maji yanayopita katika miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huyeyusha floraidi. Mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida ni miongoni mwa ile yenye visima na mito yenye floraidi nyingi. Magadi yanayotiwa katika maharage huko nayo yana floraidi. Jino na mfupa hujengwa kwa madini jamii ya apataiti, na floraidi hupenda kuingia humo na kuchukua nafasi ya kiungo kingine. Mtoto anapokunywa maji hayo katika miaka ambayo meno yake ya kudumu yanajengwa ndani ya ufizi, jino hutoka tayari limeharibika. Hakuna mswaki wala mkaa utakaoliosha. Kiwango kikiwa kikubwa zaidi na cha miaka mingi, mifupa nayo hupinda na viungo hukakamaa. Yule binti hakuwa mchafu. Alikuwa amebeba kinywani kumbukumbu ya kijiografia ya kijiji chake, na mimi mwalimu wa kemia nilimwadhibu kwayo mbele ya watu.

Sasa sikiliza sehemu ambayo vitabu vyetu havikuisema. Ni floraidi kiasi gani iruhusiwe katika maji? Shirika la Afya Duniani limependekeza miligramu 1.5 kwa lita tangu mwaka 1984. Lakini viwango vya muda vya maji vijijini vilivyowekwa Tanzania mwaka 1974 viliruhusu hadi miligramu 8. Baadaye kikomo kikashushwa kuwa 4, na viwango vya sasa vimefika 1.5. Meno ya mtoto wa Meru hayakubadilika kati ya 8 na 1.5. Floraidi haikubadilika. Kilichobadilika ni uamuzi wa watu.

Nisieleweke vibaya. Walioandika 8 hawakuwa wauaji. Walikuwa na nchi changa yenye kiu. Kama wangeandika 1.5 siku ile, wangelazimika kuvifunga visima vingi, na akina mama wangerudi kwenye madimbwi yenye kipindupindu na kuhara damu, au wangetembea umbali mara tatu. Walipima ubaya na ubaya, wakachagua. Lakini walichagua, na chaguo lina anayelipa. Aliyelipa ni mtoto wa kijijini ambaye hakuwako kwenye kikao, si bwana wa mjini anayeweza kununua maji ya chupa.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo lote. Katika kemia ya maji, ya hewa na ya udongo kuna nambari za aina mbili. Kuna nambari inayopimwa, na kuna nambari inayoamuliwa. Ya kwanza inatoka kwenye bureti na mizani, na haimjali mkubwa wala mdogo. Ya pili inatoka mezani, na meza ina viti, na viti vina wenyewe. Sisi vyuoni tunamfundisha mwanachuo kuitafuta ya kwanza, kisha tunampa ya pili aikariri kana kwamba nayo ilishuka na mvua. Matokeo yake tunatoa walimu wanaoweza kukuambia kwamba maji haya ni salama kwa sababu yako chini ya kikomo, bila kuuliza kikomo kiliwekwa lini, na nani, na kwa kumfikiria nani.

Wenzangu wengi nilipoyasema haya walinijibu kwamba sayansi haina upande, na kwamba mambo ya haki yalikuwa na somo lake. Zamani lilikuwa siasa, baadaye likawa uraia. Wapo pia wanaosema muhtasari umejaa, muda hautoshi, na mtihani hauulizi mfereji unakwenda kwa nani. Hoja ya muda naiheshimu, maana nimeishi nayo. Ya upande siikubali nusu yake. Nambari inayopimwa haina upande, na ole wake mwalimu atakayeipinda ili imfurahishe mnyonge au mwenye nguvu. Lakini swali la kwamba tupime wapi lina upande tayari. Tulipima usafi wa chumvi tuliyoitengeneza maabara, hatukupima mfereji. Huko nako kulikuwa kuchagua.

Na hoja ya tatu, ambayo watu huisema kwa sauti ya chini, ni kwamba mwalimu akianza kuhubiri haki darasani atageuka mwanasiasa. Hii ndiyo naiogopa kweli. Nimewasikia vijana wa siku hizi wakisema kila mto umetiwa sumu na kila mwekezaji ni mwuaji, na ukiwauliza walipima nini, wananyamaza. Haki isiyo na kipimo ni uvumi, na uvumi ukishindwa mara moja mnyonge haaminiwi tena hata akisema kweli. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alilalamikia elimu inayomtenga kijana na jamii yake. Tuliitikia kwa majembe na mashamba ya shule, jambo zuri, lakini wengi wetu hatukufikiri kwamba bureti nayo ingeweza kwenda shambani.

Mfano wa kile ninachokitaka uko Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi, ileile ya jaribio letu la manjano, ila hapa ilikuwa kwa tani na kwa moshi. Mama mmoja aliyeajiriwa pale, Phyllis Omido, mtoto wake aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu. Hakuishia kulia. Alidai watoto wengine nao wapimwe, akadai udongo upimwe, na pamoja na wakazi wenzake wakaenda mahakamani. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Mwezi Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliubatilisha uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Ukiitazama safari hiyo ndefu utaona kwamba huruma peke yake isingefika mbali. Kilichosimama mahakamani ni kiasi cha risasi katika damu na katika udongo, vitu ambavyo mtu fulani aliyejifunza kemia alikaa akavipima kwa uangalifu. Na kipimo peke yake nacho kisingefika, kama mama yule asingeuliza ni nani anaishi nyuma ya ukuta wa kiwanda.

Sasa nirudi kwenye ile nusu ukurasa ya masuala mtambuka. Sina shaka kwamba walioileta walikuwa na nia njema. Waliona kemia haina watu, wakaamua kuwaleta watu. Lakini wamewaleta kama wageni waliochelewa, wakakalishwa karibu na mlango. Mada yote inafundishwa kama zamani, kisha mwishoni yanaongezwa maneno ya maadili ambayo hayapimwi, hayapingiki na hayamgusi mtu. Orodha ya mjukuu wangu ilitaja wachimbaji wadogo kuwa wachafuzi wa mazingira kwa zebaki. Ni kweli zebaki inatumika. Chunya haiko mbali nasi, ukivuka Mbeya tu, na dhahabu imechimbwa huko Lupa tangu miaka ya 1920. Mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa, dhahabu inashikwa, kisha anaupasha moto mchanganyiko ule na zebaki inaruka kama mvuke, mara nyingi mbele ya uso wake na wa mtoto aliye mgongoni mwa mama yake. Lakini orodha haikuuliza dhahabu ile inanunuliwa na nani, wala kwa nini mtu avute sumu wakati chungu chenye mfuniko na bomba la kupozea kingeurudisha mvuke kuwa zebaki tena. Chungu hicho ni kemia ya kidato cha pili: kuchemsha, kupoza, kukusanya. Dunia ilijifunza ubaya wa zebaki kwa gharama kubwa huko Minamata, Japani, ugonjwa wake ulipotambuliwa mwaka 1956. Mkataba unaobeba jina la mji huo ulitiwa saini mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mwanachuo anayefundishwa kukariri kwamba wachimbaji wanachafua, asifundishwe kutengeneza chungu kile, amefundishwa kumlaumu maskini tu.

Hali kadhalika floraidi. Pale Ngurdoto, Arusha, kuna kituo ambacho kwa miaka mingi kimefanya utafiti wa kuiondoa floraidi katika maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa joto la kadiri. Ukiuliza kwa nini mfupa, jibu linasisimua. Mfupa wa ng'ombe huishika floraidi kwa sababu ileile inayoifanya ishikwe na jino la mtoto. Kitu kilekile kilichomdhuru ndicho kinachomkinga, mradi kiiwahi floraidi kabla ya jino. Ukiuchoma kupita kiasi unapoteza nguvu. Ukiuchoma pungufu maji yananuka. Baada ya muda unajaa na lazima ubadilishwe, na hapo linazuka tena swali la nani atalipa. Nioneshe mada ya masuala mtambuka iliyo na kemia nyingi kiasi hicho, au mada ya kemia iliyo na haki nyingi kiasi hicho. Havikutengana hata kidogo, ni sisi tuliovitenganisha.

Liko na jambo la lugha, nalo silipiti. Tulifundisha kwa Kiingereza. Vijana wangu waliweza kuandika kwa Kiingereza kwamba metali ile ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Lakini kama ningewatuma kwa yule mjane wakamweleze, wasingeweza. Neno risasi kwao lilikuwa la bunduki tu, na kwa Kinyakyusa hawakuwa na pa kuanzia. Elimu ambayo aliyenayo hawezi kumwambia jirani anayedhurika ni elimu iliyofungiwa kabatini. Sisemi Kiingereza kiachwe. Nasema kila jaribio liishie kwa kulieleza kwa lugha ya watu walio chini ya mteremko.

Ningekuwa na muhula mmoja zaidi ningefanya mambo machache, na hakuna hata moja linalohitaji fedha kubwa. Ningepunguza kiasi cha kemikali hadi matone juu ya kigae, maana rangi ya manjano inaonekana vilevile kwa tone moja. Ningeweka pipa la mabaki ya risasi na jingine la mrututu, na kuwafundisha wanachuo kuyagandisha kabla ya kufikiri pa kuyaweka. Ningewapeleka kwenye mfereji na chupa safi mwanzo na mwisho wa muhula. Kila nikitaja kikomo chochote, ningekitaja pamoja na mwaka wake na historia yake. Na mtihani wa mwisho ungekuwa na swali moja la kumweleza mama wa jirani, kwa Kiswahili, mlichokipata katika maji yake, hata kama mlichokipata ni kwamba maji ni salama na migomba inakufa kwa mnyauko. Kwa maana hilo nalo ni haki yake. Nilimnyima yule mjane hata nafasi ya kuambiwa kwamba hatukuwa sisi.

Alifariki miaka mingi iliyopita. Wanawe wamepanda maparachichi kwenye shamba lile, na chuo kina uongozi mwingine ambao sina ugomvi nao. Yule binti wa Meru sijui yuko wapi. Kama bado anafundisha, naye atakuwa anakaribia kustaafu, na nitafurahi kama watoto wake wa darasani wamemwona akicheka wazi.

Mjukuu wangu alirudi chuoni mvua ilipopungua kidogo. Nilimwandikia ile hesabu ya madumu 20,000 katika karatasi, nikaikunja, nikaiweka ndani ya daftari kwenye ile nusu ukurasa. Alisita. "Babu, mkufunzi wetu akiona kama namsahihisha?"

Nikamwambia amsalimie kwanza, amwombe nafasi, amwambie ni swali kutoka kwa mwalimu mzee ambaye aliulizwa akashindwa. Mkufunzi wa kweli hatakasirika. Akikasirika, basi aende yeye mwenyewe na wenzake wawili, wafuate bomba la maabara yao hadi linapoishia, na wamsalimie watakayemkuta huko.